Barua ya Wazi kwa Mhusika Ambaye Ametoka Kidogo

Kwa Ndugu Mhusika,
Ofisi ya Mitihani,
Dirisha la mwisho kushoto, chini ya feni isiyozunguka.

YAH: KISTARI KILICHOKAA MAHALI PA ALAMA ZANGU



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua nakuomba jambo zito, kwani tangu nifike chuoni hapa sijawahi kukuta umehusika. Umetoka kidogo. Upo kikaoni. Umekwenda benki mara moja. Umefiwa, na kwa misiba niliyotajiwa pale dirishani ukoo wenu utakuwa umepukutika, nami natoa pole za dhati. Majuzi nikaambiwa wewe upo, ila mtandao ndio haupo. Kwa kuwa ninyi wawili hamjawahi kupatikana siku moja, nimeona niandike barua ya wazi, ibandikwe hata kwenye mwarobaini ulio nje ya ofisi yako, ili siku ukipita kwenda kikaoni uisome.

Nikuondoe hofu mapema: huu si uasi. Historia ya barua za aina hii naifahamu. Mwezi Julai 1971, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Majibu hayakuja kwa posta. Askari wa FFU walipanda Mlimani wakamchukua, akarudishwa kwao Kenya. Mimi kwetu ni Kahama. Ukiamua kunirudisha kwetu utakuwa umenilipia nauli ambayo bumu limeshindwa kunilipia, na nitashukuru kwa maandishi. Naomba tu iwe baada ya matokeo.

Ambayo ndiyo shida yenyewe. Wenzangu hawahitaji kuelezwa. Umefungua akaunti yako usiku, kwa kifurushi cha kuazima, moyo unadunda, kurasa zinapanda taratibu. Somo la kwanza, alama. La pili, alama. Unashuka mpaka la sita, alama. La saba, kistari. Si sifuri, maana sifuri ingekuwa jibu. Kimstari kidogo kilicholala chali, hakisemi umefaulu, hakisemi umefeli, hakisemi hata kwamba ulikuwepo. Afisa mikopo haangalii zile sita. Anaona kistari, na bumu linasimama.

Nikafika dirishani nikiwa na adabu zangu zote. Nikaulizwa, kwa niaba yako, swali ambalo mpaka leo nikilala linanigeuza upande: "Una ushahidi gani kwamba ulifanya mtihani?"

Ndugu Mhusika, chumba kile tuliingia tumepekuliwa mpaka soksi. Simu nje, mikoba nje, saa za mkononi nje. Kitambulisho kikakaa juu ya meza muda wote kama tunavuka mpaka. Karatasi ya mahudhurio ikapita, nikaisaini mbele ya msimamizi, nikaandika kwa mkono wangu namba ya kijitabu changu cha majibu. Mwisho tukaamriwa tusinyanyuke, vijitabu vikahesabiwa mara mbili, vikafungwa kamba. Kijitabu mnacho ninyi. Karatasi ya mahudhurio mnayo ninyi. Kamba mnayo ninyi. Mimi nilitoka na kalamu. Nikuletee kalamu?

Kilichotokea hakuna asiyekijua. Mwalimu anasahihisha vijitabu vya darasa la mamia ya watu, anaingiza alama kwenye kompyuta yake ya mkononi, faili linapanda flashi, flashi inakwenda idarani, idara inakaa kikao, kitivo kinakaa kikao, Seneti inabariki. Mahali fulani katika safari hiyo tarakimu moja ya namba ya usajili inateleza, 6 inageuka 9, na mtu mzima mwenye wazazi wawili anafutika. Ni kosa la kidole, la sekunde moja. Kulirekebisha kunataka mimi niandike barua, ipite kwa mwalimu, ipande kwa mkuu wa idara, ipande kwa mkuu wa kitivo, ishuke kwako, na kila inapopita igongwe mhuri, na kila mhuri una kabati lake, na kila kabati lina ufunguo wake, na ufunguo umekwenda semina Dodoma.

Dirisha lako nalijua kuliko ninavyoujua ukumbi wa mihadhara. Kitundu cha kusemea kimetobolewa usawa wa kitovu, kwa hiyo mrefu anainama na mfupi anainama. Hakuna aliyewahi kuongea na ofisi yako akiwa wima. Juu ya kioo mmebandika Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Gundi imekauka, kona ya chini imejikunja, na mkunjo umeficha sehemu moja tu ya ahadi: "Tutashughulikia malalamiko ndani ya siku". Ngapi, haisomeki. Ndani yupo mama mmoja, umri wa mama yangu, mwenye kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisosi na chapati mbili zilizokunjwa juu ya kisosi. Sina ugomvi naye. Kila asubuhi yeye ndiye anayetumwa kutangaza kwamba haupo, na anatangaza kwa huruma: "Mwanangu, njoo Jumatatu." Kisha anaandika jina langu kwenye kaunta buku. Nikifa leo, kitabu hicho kitatosha kuandikia wasifu wa marehemu.

Tunaambiwa vijana wa siku hizi hatuna subira, na kwamba subira huvuta heri. Heri hiyo, hata ingekuwa inatoka Mwanza kwa miguu, ingekuwa imeshafika.

Kwa heshima hiyo nina maombi. Kitundu kipandishwe. Benchi liletwe, hata lenye mguu mbovu. Mwarobaini usikatwe, maana ndio ukumbi wetu wa kusubiria. Na picha yako ibandikwe ukutani, kwa sababu wapo waliohitimu wakidhani Mhusika ni cheo cha kimila.

Hayo ni madogo. Ombi lenyewe ni hili: Foleni isajiliwe kuwa somo.

Usicheke kwanza, nina hoja. Kwa viwango vya vyuo vikuu nchini, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inataka krediti 360. Saa 10 tu! Nani kati yetu alimaliza wiki ya usajili bila kutimiza saa 10 kwa miguu yake mwenyewe? Kuna dada wa mwaka wa tatu ambaye kwa kistari kimoja amekwishakusanya krediti za kumtosha kufundisha. Saa zote hizo hazimo kwenye transkripti, GPA haizitambui, zinapotea chini ya mwarobaini. Serikali ikilia na upotevu wa rasilimali, ianzie hapo.

Rasimu ya mtaala nimeiandaa. Muda nilikuwa nao. FOL 101, Utangulizi wa Foleni, iwe ya lazima kwa vitivo vyote. Muhula wa kwanza ushughulikie misingi: kufika saa kumi na moja alfajiri kabla mlinzi hajaamka, kupanga jiwe la kushikia nafasi, kulinda jiwe, na kutambua jiwe la mwenzako lililosogezwa na mtu asiye na jiwe. Kuwe na vipindi vya vitendo kuhusu mwili, yaani uzito uhamie mguu wa kushoto saa ngapi, na mkoba ubebwe mbele au mgongoni pale jua linapozunguka. Muhula wa pili uwe wa lugha. Mwanafunzi afundishwe shikamoo itolewe mara ngapi kabla haijageuka kero, na "samahani mama, naomba kuuliza" itamkwe vipi ili isisikike kwamba anauliza. Mwenye lafudhi ya kwao apewe mwalimu wa ziada, kwa sababu sote tumeona inavyokuwa dirishani pale lafudhi inapofika kabla ya mwenyewe.

Mwaka wa pili tupande kwenye FOL 201, Nadharia ya Mhusika. Hapa mwanafunzi akutane na mitazamo inayokinzana. Wapo wanazuoni wanaoshikilia kwamba Mhusika yupo ila haonekani. Wapo wanaosema anaonekana, tena sana, pale kantini, ila hayupo. Na upo mrengo mkali, wenye wafuasi wengi kitivo cha uhandisi, unaodai kwamba Mhusika ni koti. Hoja yao ni kwamba katika kila ofisi hapa chuoni kuna kiti chenye koti lililotundikwa mgongoni mwake, na kwamba koti hilo ndilo lililoajiriwa. Binadamu huja mwisho wa mwezi kulipokelea mshahara. Mimi mwenyewe nimeliona lako, la kijivu, vifungo vitatu, kimoja kimelegea uzi. Lilikuwepo nilipokuwa mwaka wa kwanza. Halijawahi kuomba likizo. Naegemea mrengo huo.

Mwaka wa tatu tupelekwe mafunzo kwa vitendo, wiki nane, katika ofisi yoyote yenye kioo. Nafasi hazitakosekana. Tathmini ifuate utaratibu uliozoeleka, 40 za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Mtihani wenyewe usiwe na karatasi: watahiniwa wapangwe nje ya chumba kilichofungwa, waambiwe msimamizi yuko njiani. Atakayefika jioni bila kuuliza chochote, amefaulu. Atakayeuliza, sapu. Atakayeandika barua ya wazi, disko. Kisha matokeo, ili somo litimie, yapotee yote, na kuyatafuta kuhesabiwe kuwa tasnifu.

Mtahini wa nje ninaye tayari. Ni mwalimu mstaafu wa kwetu, bibi aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi na sasa anafuatilia mafao yake. Bahasha yake ya kaki imelainika, kona zimeota nyuzi, ndani mna barua ya ajira yenye mhuri wa wilaya ambayo siku hizi haiguswi ila kwa ncha za vidole. Anasimama mbele ya karani ambaye yeye ndiye aliyemshika mkono kuandika herufi a. Karani anamwita "bibi", anamwambia arudi wiki ijayo, na yeye anarudi wiki ijayo. Hakuna profesa anayemfikia. Tukimpa shahada ya heshima, tafadhali isipitie kwenye ofisi yako.

Kuna mada moja nimeiacha nje ya mtaala kwa makusudi, kwani nimeshindwa kuifanyia utani. Ni ya binti anayeambiwa kwamba alama zake hazijapotea. Zipo. Ila azifuate saa moja jioni, mahali pasipo na dirisha. Kistari changu mimi ni uzembe. Cha kwake kimetegwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalijua jambo hilo na kinaliita kosa la jinai. Mabweni yanamjua mwalimu huyo kwa jina na kwa rangi ya gari. Wa mwaka wa tatu wanawaonya wa mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hawajaonyeshwa maktaba ilipo. Halafu binti anakuja kwenye kitundu chenu, anainama, anaeleza kwa sauti ya chini kwa sababu nyuma yake kuna foleni, na ninyi mnamjibu: "Kamalizane na mwalimu wako." Mnajua mnamtuma wapi. Msituambie hamjui. Mama yule wa chapati anajua. Siku ile alikiangalia kikombe chake mpaka binti akaondoka.

Wapo walioacha chuo kwa kistari cha namna hiyo, na kwenu huko ndani wameandikwa watoro.

Samahani. Nimepandisha sauti na kitundu ni kidogo. Narudi kwenye utaratibu.

Somo langu lenye kistari, nilisahau kulitaja, ni lile la maendeleo linalosomwa na kila mtu. Humo tulifundishwa kwamba mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ijenge akili ya kudadisi na mtu anayejiamini. Swali lilitoka hivyo hivyo kwenye mtihani, nikalijaza kurasa nne kwa furaha. Saa mbili asubuhi ukumbini nahimizwa nidadisi. Saa nne dirishani nikidadisi naambiwa nina kiburi, na wenzangu wa nyuma wananivuta shati nisije nikaharibia foleni nzima. Kati ya madarasa haya mawili, nadhani unajua lipi lina mahudhurio mazuri.

Maana mafunzo yako yanaingia, Mhusika, usijidharau. Jirani yangu wa bweni alikuwa na kistari cha somo hilo hilo, darasa hilo hilo, mtihani wa siku hiyo hiyo. Mjomba wake anafahamiana na mtu. Kikaondoka kabla ya chakula cha mchana, na mtandao siku hiyo ukawepo. Mwingine alitoa ya soda. Soda yenyewe ilikuwa ghali, lakini ilinyweka. Hawa wawili si watu wabaya, tunakula sahani moja. Wamejifunza tu upesi kuliko sisi wa mawe. Watawahi ajira, watawahi vyeo, na siku moja watakaa upande wa ndani wa kioo wakijua barabara kazi ya kwanza ya asubuhi: kutundika koti.

Na aliyechelewa kujifunza? Kaka mmoja aliyemaliza kabla yetu alikodi joho. Kwao walikuwa wameshakodi Coaster, ukoo mzima umeshapanda, shangazi zake wameshona sare, angewaambia nini? Jina lake halikuwemo kwenye kitabu cha mahafali kwa sababu ya kistari. Akapiga picha na kila mtu. Mama yake akaomba kile kitabu apeleke nyumbani kama kumbukumbu, yeye akamwambia vimeisha. Tangazo la kazi aliyokuwa anaisubiri lilifungwa huku barua yake ikiwa kwenye kabati la tatu. Alama zake zilipatikana baadaye, hazikuwa zimekwenda mbali, zilikuwa kwenye safu ya jirani yake. Alikuwa amepata B+. Hakuna aliyempigia simu kumwambia samahani, na sioni kwa nini ofisi ianze tabia hizo sasa.

Namalizia kwa kukupa pendekezo jepesi, endapo hili la somo litahitaji kikao. Kijitabu changu kiko kwenye fungu lenye kamba ya katani, stoo ya idara, rafu ya chini, nyuma ya printa mbovu. Nimekiona kupitia dirisha la stoo. Kijana wa usafi amekiona pia na alikuwa tayari kunitolea, ila si msomi, kwa hiyo alijua kwamba hana mamlaka. Ni mwendo wa ngazi moja kutoka kwenye kiti chako. Ukiona uvivu, litume koti.

Jina langu na namba yangu ya usajili sitaviandika hapa. Ofisi inayoweza kumfuta mtu bila kukusudia, sina hamu ya kujua inaweza nini ikikusudia.

Nitapita Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mwenye jiwe la tisa kutoka mlangoni.

Nakala:
Koti la kijivu, kwa taarifa.
Mlinzi wa alfajiri, asiyafagie mawe.
Mama wa wali maharage nje ya geti, kwa ombi la kuongezewa muda wa deni.